Kutembea na Mbwa Ufukweni mwa Ziwa: Safari Inayoanzia kwenye Chanjo

Katika kliniki ya shinikizo la damu na kisukari niliyokuwa nikiihudumia mjini Bariadi, alikuwapo mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyesafiri kila mwezi kutoka Lamadi, wilayani Busega, kuja kupimwa. Dawa zake alizimeza kwa wakati. Chumvi alikuwa ameipunguza. Kila nilipomwambia, "Mwalimu, jitahidi kutembea angalau nusu saa kwa siku," aliitikia kwa adabu, nami nikaandika katika jalada lake kwamba ushauri umetolewa. Siku ya ziara ya nne nilimwuliza anapotembea huelekea wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, miguu ninayo, njia ndiyo sina. Kila kona ina mbwa, na mimi nimeshaona mbwa alivyoua mtoto."

Akanisimulia. Miaka mingi iliyopita, alipokuwa akifundisha shule ya msingi, mwanafunzi wake wa darasa la tatu aling'atwa kifundoni akienda kuchota maji. Jeraha lilikuwa dogo. Lilipakwa majivu, likafungwa kitambaa, likapona. Baada ya majuma kadhaa mtoto akaanza kulalamika kwamba pale palipokuwa na kovu panawasha na kufa ganzi. Kisha akawa hawezi kumeza maji, na hata kuyaona tu kikombeni kulimtia hofu na mishtuko ya koo. Hakumaliza juma lile. "Tangu siku hiyo," akasema mwalimu, "nikisikia mbwa akibweka, hugeuka nikarudi nyumbani."

Niliona haya. Kwa ziara tatu nilimwandikia mgonjwa dawa ambayo hakuwa na mahali pa kuinywea, wala sikuuliza. Makala haya yametokana na mazungumzo yale. Yanahusu matembezi mepesi ya ufukweni, ambayo mtu wa umri wowote anaweza kuyafurahia akiwa na mbwa wake. Lakini yanahusu pia sharti linalotangulia matembezi hayo, ambalo bila kulitimiza furaha ya mmoja huwa hofu ya jirani.

Pwani ya mkoa usio na bahari

Mtu asiyeifahamu Simiyu huidhania kuwa nchi ya pamba, mifugo na mbuga kavu tu. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nne kati ya hizo haziyaoni maji ya Ziwa Victoria. Busega peke yake ndiyo inayoligusa, kwenye ghuba iliyopewa jina la Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa hili mwaka 1858, ingawa Wasukuma waliokuwa wakiliita Nyanza hawakuwa wakingoja mgeni awaambie liko wapi. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni kama kilomita 70 kwa barabara ya lami. Hapo barabara hiyo hukutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma, na ziwa liko upande wa magharibi.

Jumapili ambazo sikuwa zamu nilikuwa nikiishuka barabara hiyo pamoja na Pamba. Pamba ni mbwa wa kienyeji niliyepewa na mfugaji mmoja akiwa bado ananyonya, na jina alilipata kwa weupe wake. Alipotimiza miezi mitatu nilimpeleka kwa afisa mifugo akachanjwa, na ndipo nilipomfunga kamba kwa mara ya kwanza. Mbwa wa kufungwa kamba na kutembezwa si jambo lililozoeleka kwetu. Mbwa wa Kisukuma ana kazi yake: hulinda boma, hufuatana na ng'ombe malishoni, na usiku hubwekea fisi. Wavuvi waliponiona mara ya kwanza walicheka sana. Mmoja wao, mzee, baada ya kuniamkia "Mwangaluka," aliniuliza: "Daktari, wewe ndiye unamwongoza mbwa au mbwa ndiye anakuongoza?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa wakati huo Pamba alikuwa akinivuta kuelekea kwenye dagaa walioanikwa.

Njia yenyewe

Matembezi haya hayahitaji nguvu za kijana. Ufuko ni tambarare; hakuna mlima wala mawe ya kuparamia. Mimi huanza jua likiwa limekwisha kuchomoza na macho yanaona vizuri, yapata saa moja asubuhi. Kutoka nyumba za mwisho njia hupita kati ya mashamba madogo, kisha udongo hubadilika kuwa mchanga na harufu ya dagaa hukuambia kwamba mwalo uko karibu. Wakati huo mitumbwi iliyokesha na taa imekwisha kurudi. Wanawake huwa wanatandaza dagaa juani, vijana wanashona nyavu, na juu ya nguzo zilizomo majini mnandi hukaa wamekunjua mbawa zao zikauke.

Kutoka mwaloni huufuata mchanga mkavu, maji yakiwa upande mmoja na nyasi upande mwingine, nikitembea dakika ishirini hadi ishirini na tano, kisha nikarudi kwa njia ileile. Safari nzima haifiki saa moja. Upepo wa asubuhi ni mwororo. Pamba hunusa kila kitu: kamba kuukuu, ganda la konokono, nyayo za mbuzi waliopita jana. Kwa kuwa yeye husimama mara kwa mara, nami husimama; na katika kusimama huko nimejua majina ya watu ambao vinginevyo ningewapita tu. Mbwa hufupisha safari kwa kuirefusha.

Yapo mambo matatu yasiyofanyiwa mzaha ufukweni hapo. La kwanza ni kiboko na mamba. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurejea alfajiri. Mtu anayesimama kati yake na maji yuko hatarini. Kwa hiyo usitembee kabla ya mwanga kamili, usikatize kwenye matete, na uwaulize wavuvi wameona nini usiku uliopita. Wao ndio wenye habari. Mamba naye humvizia mbwa anywaye maji ukingoni, hivyo mbwa abaki kwenye kamba, asirushiwe fimbo ziwani ili aifuate, na maji yake ya kunywa yabebwe kwenye chupa.

La pili ni kichocho. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka kwa konokono waishio kwenye maji matulivu yenye magugu, na huweza kupenya ngozi ya binadamu kwa muda wa dakika chache tu bila yeye kuhisi. Anayetembea mchangani pakavu hayumo hatarini; anayevua viatu na kutia miguu majini ili apoe ndiye anayejitafutia maradhi. Aliyekwisha kuyagusa maji hayo mara nyingi, hasa mvuvi, mchota maji na mtoto anayeogelea, afike kituo cha afya apimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

La tatu ni mpaka wa hifadhi. Kaskazini mwa Lamadi, kando ya barabara ya Musoma, liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhini, na sababu yake tutaiona hivi punde.

Faida kwa moyo

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Nusu saa ya kutembea kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini. Kipimo cha wastani si lazima kiwe saa ya mkononi: ukiweza kuzungumza unapotembea lakini pumzi haikutoshi kuimba, mwendo wako ni sahihi. Mwendo huo, ukidumishwa, hushusha shinikizo la damu, husaidia misuli kutumia sukari iliyomo kwenye damu, huimarisha mifupa na hupunguza huzuni.

Mbwa anaingiaje hapa? Nchini Sweden, watafiti walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba waliokuwa na mbwa walikufa kwa uchache zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa, na tofauti ilionekana zaidi kwa wale walioishi peke yao. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mbwa ndiye aliyewaponya. Huenda watu wenye afya njema ndio wanaomudu kufuga. Hata hivyo, daktari yeyote anajua jambo moja: mgonjwa humsahau daktari mara afikapo nyumbani, lakini mbwa aliyezoeshwa kutembea saa moja asubuhi hamruhusu mwenyewe kusahau.

Wenye kisukari wana masharti ya ziada. Miguu yao huweza kupoteza hisia, na mchanga wa mwaloni una ndoana, miiba ya samaki na vipande vya chupa. Wavae viatu vilivyofunika vidole, wavikung'ute kabla ya kuvaa, na wakirudi wakague nyayo hadi kati ya vidole. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe peremende au sukari kidogo, na asitembee akiwa na njaa. Kwa kila mtu, maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika si uvivu wa kushindwa: ni amri ya kusimama, kupumzika na kwenda hospitali.

Mbwa wetu na simba wa Serengeti

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege. Ilipokwisha, kiasi cha theluthi moja ya simba wa eneo lile walikuwa wamepotea, kama elfu moja hivi. Chanzo kilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi unaofahamika zaidi kwa mbwa wa kufugwa, na wanasayansi waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Miaka michache kabla yake, 1991, mbwa mwitu walikuwa wamekwisha kutoweka katika nyanda za Serengeti, na kichaa cha mbwa kikiwa miongoni mwa sababu zilizoshukiwa. Vijiji vya Simiyu ni sehemu ya duara hilo, maana mkoa huu unapakana na Serengeti pamoja na Pori la Akiba Maswa.

Kutokana na maafa hayo likazaliwa jambo jema. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, walichanjwa kwa kampeni za pamoja, na baadaye chanjo ikaenezwa kwenye vijiji vingine vinavyopakana na hifadhi. Matokeo yalionekana mahali ambapo sisi madaktari hatukuwa tumepatazama: mbwa wenye kichaa walipungua, na watu waliofika vituoni wakiwa wameng'atwa na mbwa wa kushukiwa wakapungua pia. Sindano ilichomwa kwenye shingo ya mbwa, aliyepona akawa mtoto.

Hesabu yake si ngumu. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofikia miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa mahali fulani, virusi hukosa njia ya kupita. Mbwa wachanjwe na kurudiwa kadiri afisa mifugo anavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Na siku ya kampeni hata watoto wa mbwa wadogo kabisa wapelekwe, wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa bado. Kwa hiyo ninaposema kwamba matembezi huanzia kwenye chanjo, sitoi methali. Kamba, viatu na chupa ya maji huja baadaye.

Ukikutana na mbwa usiyemjua

Usikimbie, maana mbwa hufuata kinachokimbia. Simama, weka mikono kando ya mwili, mpe ubavu badala ya kumkabili, usimkodolee macho, na usubiri apoteze hamu. Kisha ondoka polepole. Mfundishe mtoto asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Nawe mwenye mbwa, fupisha kamba unapopishana na watu. Wapo wanaoogopa kwa kuwa waling'atwa, na wapo ambao imani yao inawataka waepuke mate ya mbwa. Wote wana haki ya njia. Okota kinyesi chake, mpe dawa za minyoo, na usimwache akaribie dagaa walioanikwa: hicho ni chakula cha watu.

Ukiwa umeng'atwa

Hapa naomba kila msomaji asome mara mbili, kisha amsomee mwingine.

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Virusi hivi huharibiwa na sabuni. Kuosha peke yake hakutoshi, lakini ni nusu ya kwanza ya uhai. Usipake majivu, chumvi, pilipili, mafuta wala majani. Siku hiyohiyo nenda kituo cha afya, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na hata kama mbwa amelamba tu mahali palipochubuka. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ukianzishiwa chanjo, maliza ratiba yote uliyopewa. Ujauzito na umri mdogo si vizuizi. Taarifa za mbwa huyo zifike kwa afisa mifugo, na asiuawe ovyo na kutupwa, maana kuchunguzwa kwake huweza kuokoa wengine.

Kwa watumishi wenzangu nina maneno machache. Dalili za kichaa zikishaanza, hatuna tiba. Kinachobaki ni kumpunguzia mgonjwa mateso. Muda wetu ni ule wa kati ya jino na dalili, ambao kwa kawaida ni mwezi mmoja hadi mitatu, lakini huweza kuwa siku chache au zaidi ya mwaka. Kwa hiyo aliyechelewa kufika asirudishwe kwa kuambiwa kwamba muda umepita. Tuoshe jeraha upya hata kama mgonjwa anadai limeoshwa. Tusiharakishe kulishona. Jeraha linalotoka damu huhitaji pia imunoglobulini, kingamwili zilizo tayari, ziingizwe ndani na pembeni mwa jeraha pale zinapopatikana. Tena kliniki za shinikizo na kisukari ziongeze swali moja kwenye ushauri wa mazoezi: "Utatembelea wapi, na nini kinakuzuia?" Mimi lilinichukua ziara nne kulifikia swali hilo.

Mwalimu na njia yake

Sikumwambia mwalimu asiogope. Hofu yake ilikuwa na sababu, na mtoto yule alistahili kukumbukwa. Nilimwambia habari za chanjo, na kwamba mbwa wa mtaani kwake wana wenyewe. Alikuwa amefundisha nusu ya wenyewe hao. Ilipotangazwa siku ya chanjo, alipita nyumba kwa nyumba, kwa sauti ileile ya ubaoni, akiwauliza wanafunzi wake wa zamani mbwa wao yuko wapi na kwa nini bado amelala. Watoto waliwaleta mbwa kwa kamba za katani, kwa vipande vya kanga, wengine wamewabeba mabegani kama mbuzi.

Jumapili moja baadaye nilimkuta mwaloni, amevaa raba za bluu. Alikuwa na kijana wa jirani yake, na kijana alikuwa na mbwa mwekundu mwenye sikio lililokatika. Mwalimu alitembea upande wa pili wa kijana, mbali na mbwa. Alimtazama Pamba kwa makini, akaniuliza: "Huyu naye amechanjwa?" Nikamwonyesha kadi, ambayo huibeba mfukoni kama wengine wabebavyo leseni ya udereva. Akaisoma yote, pamoja na tarehe.

"Haya," akasema, "twende. Lakini wewe na mbwa wako mtangulie."

Tukatangulia.